Mpelelezi, Mpenzi na Lugha ya Amri: Riwaya ya Picha na Historia ya Usomaji wa Kiswahili Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala hii inachunguza kwa nini hadithi ya mpelelezi na mpenzi wake, ambayo Tanzania na Kenya iliwavuta wasomaji wengi kwenye Kiswahili, haikuota mizizi katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, ingawa Kiswahili kimesikika katika miji hiyo kwa zaidi ya karne moja. Tunaanzia kwenye riwaya-taswira ya Kijapani kuhusu majasusi na mapenzi, tunarudi kwa watangulizi wake wa Afrika Mashariki, kisha tunapitia historia ya lugha ya kambini, ya shuleni na ya vibanda vya video. Hoja yetu ni kwamba tatizo la Kiswahili mashariki mwa Uganda halikuwa kukosa wasemaji. Lugha hii ilikosa usomaji wa hiari. Tunahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wanaotekeleza uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa mwaka 2022.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikiingiza miongoni mwa masomo ya lazima ya madarasa ya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha uamuzi wa kukifanya lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa jicho la sheria, safari inaelekea ukingoni. Kwa jicho la msomaji, haijaanza. Mwanafunzi wa Jinja au Mbale atakayefaulu mtihani wa Kiswahili atasoma nini katika lugha hiyo siku ambayo hakuna mtihani?

Swali hili huonekana dogo katika mijadala ya sera, ambayo huelekea zaidi kwa walimu, vitabu vya kiada na saa za vipindi. Hata hivyo, historia ya lugha zilizoenea kwa maandishi inaonyesha kuwa msomaji hudumu na lugha kwa sababu ameipenda hadithi. Kwa hiyo tumechagua kuchunguza utanzu unaodharauliwa na wahakiki wengi: hadithi ya jasusi anayependa, ikisimuliwa kwa maneno na picha. Ndani ya utanzu huo tunakutana na mambo mawili ambayo Kiswahili cha mashariki mwa Uganda kimekuwa nayo katika uhusiano mgumu, yaani siri ya dola na lugha ya mahaba.

2.0 Riwaya-taswira ya Kijapani na jasusi mwenye moyo

Riwaya-taswira ni hadithi inayosomwa kwenye skrini. Picha ya mhusika husimama mbele ya mandhari, na maneno hutokea chini yake sentensi baada ya sentensi. Kila baada ya muda msomaji hutakiwa kuchagua: aseme ukweli au adanganye, amfuate huyu au yule. Uchaguzi huo hupindisha njia ya hadithi na kuipeleka kwenye mwisho tofauti. Ingawa huuzwa kama mchezo wa kompyuta, kazi kubwa ya mchezaji ni kusoma, na nyingine zina maneno mengi kuliko riwaya ya kawaida.

Chimbuko lake lina uhusiano wa karibu na hadithi ya upelelezi. Mwaka 1983 Yuji Horii alitoa mchezo wa kuchunguza mauaji ya Portopia, ambamo mchezaji ni mpelelezi. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilitoa Otogirisō, iliyoweka maandishi juu ya picha na sauti na kumwachia msomaji njia za kuchagua. Mwaka 1994 Konami ilitoa Tokimeki Memorial, ambamo lengo ni kupendwa, na mwaka huohuo Koei ikatoa Angelique, iliyoandaliwa kwa ajili ya wasomaji wa kike. Mikondo miwili, upelelezi na mapenzi, ilikuwa tayari imepata umbo. Kuiunganisha lilikuwa jambo la kutarajiwa.

Katika hadithi za mkondo huu uliounganishwa, wakala wa siri huingia katika maisha ya mtu mwingine akiwa na jina la uongo, na kwa kawaida uongo huo huzaa upendo wa kweli. Wazo hilohilo limeenea duniani kupitia katuni ya Tatsuya Endo, Spy×Family, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2019: jasusi anaunda familia bandia kwa ajili ya kazi, kisha familia hiyo inaanza kumwia nyumba. Mvutano wa hadithi hautoki kwenye bastola. Unatoka kwenye swali la lugha: mtu ambaye kila neno lake ni kinyago anatamkaje neno moja la kweli kwa ampendaye?

3.0 Watangulizi wa Afrika Mashariki

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Japani kumtafuta mhusika huyu. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, akamleta Bwana Msa wa Unguja, mpelelezi mtulivu mwenye kiko. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, riwaya iliyohamisha upelelezi hadi kwenye mji wa kisasa wa simu, magari na polisi. Wote wawili walifika kwa wasomaji kupitia Shirika la Uchapishaji wa Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuzihudumia Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda pia.

Mwaka 1974 A. E. Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Gamba si mpelelezi wa mauaji ya nyumbani. Ni wakala wa dola, na adui zake ni wale waliotaka kuzuia ukombozi wa kusini mwa Afrika. Baadaye Ben Mtobwa alimwumba Joram Kiango, na katika Tutarudi na Roho Zetu? akampa mwenzi wa safari, Nuru, mwanamke ambaye uzuri wake, akili yake na ujasiri wake ni sehemu ya operesheni yenyewe. Katika kazi hizi mapenzi yana kazi ya msingi. Kila mara Gamba au Kiango anapokutana na mwanamke, msomaji hujiuliza kama huyu ni mpenzi au ni mtego, na swali hilo ndilo linalofungua ukurasa unaofuata.

Kulikuwa pia na riwaya ya picha kwa maana yake halisi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, jarida la African Film la kampuni ya Drum lilisambaza visa vya Lance Spearman, maarufu kwa jina la Spear, mpelelezi mweusi mwenye kofia na tai ya kipepeo, kwa mfululizo wa picha za kamera zilizowekewa maneno ya wahusika. Jarida lilikuwa la Kiingereza, lakini umbo lake halikubaki katika Kiingereza: Katalambulla huyohuyo alilihamishia kwenye Kiswahili katika jarida la Film Tanzania. Picha, kiputo cha maneno, jasusi, mrembo na hatari vilikuwa vimekaa pamoja kwenye karatasi ya bei nafuu ya Afrika Mashariki miaka mingi kabla ya Otogirisō.

Tofauti ya msingi ni uchaguzi. Msomaji wa Spear hakuweza kumzuia Spear asiingie chumbani. Lakini kwa upande wa lugha, kazi iliyofanywa ni moja: kumpa mtu wa kawaida sababu ya kusoma sentensi nyingi kwa hiari yake.

4.0 Jinja na Mbale: lugha iliyosikika bila kusomwa

Miji yetu miwili ilipaswa kuwa soko la hadithi hizi. Jinja ilikuwa na kambi ya jeshi la King's African Rifles, ambalo amri zake zilikuwa za Kiswahili. Reli ya Busoga ilianza kazi mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na kiwanda cha nguo cha Nyanza kikafuata. Viwanda na mashamba ya miwa ya Kakira viliwavuta wafanyakazi kutoka Kenya, Uganda kaskazini na kwingineko, watu ambao mara nyingi hawakuwa na lugha nyingine ya kuzungumza pamoja. Mbale, mji uliokua kutokana na makazi ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa njia panda ya Wagisu, Waganda, Wateso, Wahindi na wafanyabiashara Waislamu, karibu na mpaka wa Kenya.

Hata hivyo, kila lugha ilipewa kazi yake. Kakungulu na mawakala wake walikuja na Kiganda, nacho kikawa lugha ya utawala, ya kanisa na ya darasa katika sehemu kubwa ya mashariki. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwepo tangu mwaka 1896. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kuwa Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa makanisa walipinga vikali. Kiswahili kilibaki kambini, kituo cha polisi, kiwandani na sokoni.

Mwaka 1952 unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka huo Kiswahili kiliondolewa katika shule za Uganda, isipokuwa zile za polisi na familia zao. Mwaka huohuo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, ilihamia Makerere, ikakaa hapo hadi mwaka 1962. Kwa miaka kumi, nchi iliyowanyima watoto wake Kiswahili darasani ndiyo iliyokuwa makao ya wataalamu wa kukisanifisha. Hatujui mfano bora zaidi wa lugha kuwa na taasisi bila kuwa na wasomaji.

Matokeo yalionekana katika utafiti wa Ladefoged, Glick na Criper uliochapishwa mwaka 1972. Walikadiria kuwa takriban asilimia 35 ya Waganda waliweza kuzungumza kwa Kiswahili, kiwango kilichokaribia Kiganda chenye asilimia 39 na kuzidi Kiingereza chenye asilimia 21. Lakini ndani ya wastani huo kulikuwa na pengo: asilimia 52 ya wanaume dhidi ya asilimia 18 ya wanawake. Watunga sera huitumia asilimia 35 kuthibitisha kwamba Kiswahili kilikuwa kimeenea. Kwa suala letu, pengo la kijinsia lina uzito zaidi. Lugha inayojulikana na wanaume wengi na wanawake wachache ni lugha ya kazi na safari. Mwanamume aliitumia kwa msimamizi wake, kwa dereva, kwa askari. Aliporudi nyumbani kubembeleza, kuposa au kuomba radhi, alitumia Lusoga, Lugisu au Kiganda. Hadithi ya mapenzi haiwezi kukaa katika lugha ambayo mmoja wa wapenzi hajapewa.

5.0 Mpelelezi aliyetoka kitabuni

Sababu ya pili ni ya kisiasa, nayo ni nzito zaidi. Willy Gamba alizaliwa mwaka 1974 katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa mwenyeji wa kamati ya ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Msomaji wa Dar es Salaam aliweza kumwona wakala wa siri kama mtu wa upande wake. Mwaka huohuo msomaji wa Jinja aliishi chini ya Idi Amin, na mawakala wa siri aliowajua walikuwa wa Kituo cha Utafiti wa Dola chenye makao yake Nakasero, Kampala. Nao walivaa mavazi maridadi, waliendesha magari na hawakueleza walikokwenda. Waliowachukua hawakuwa wauaji wa kubuni. Walikuwa majirani, na wengi wao hawakurudi.

Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo lenyewe lilikuwa na mantiki, kwa kuwa lilitambua lugha isiyo ya kabila moja. Lakini lilitoka kinywani mwa utawala wa kijeshi, na lilithibitisha uhusiano ambao watu walikuwa tayari wameuona kizuizini na barabarani: Kiswahili ni sauti ya mwenye bunduki. Katika mazingira hayo, mhusika anayesema Kiswahili, anayeficha jina lake na kuingia nyumbani mwa mtu usiku hawezi kuwa mpenzi wa hadithi. Utanzu unahitaji umbali kati ya hofu ya kubuni na hofu ya kweli. Jinja na Mbale hazikuwa na umbali huo.

Hali ilipata sura nyingine Aprili 1979. Jeshi la Tanzania liliingia Kampala tarehe 11, likachukua Jinja tarehe 22, kisha likaendelea mashariki. Ghafla mkombozi naye alisema Kiswahili, na kwa lafudhi iliyokuwa karibu na ile ya vitabu. Lakini naye alikuja akiwa amevaa sare. Lugha ilibadilisha mkono ulioishika bunduki. Haikupata nafasi ya kuwekwa mezani bila bunduki.

Soko la vitabu nalo lilikuwa limevunjika. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulitikisa maduka na majumba ya sinema ya miji yote miwili. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulikatiza kazi ya shirika la pamoja la uchapishaji. Riwaya pendwa ya Kiswahili ilipofikia kilele chake miaka ya 1980, njia za kuifikisha Jinja na Mbale hazikuwepo.

6.0 Skrini na sauti ya mfasiri

Pengo la burudani halikubaki wazi. Vibanda vya video vilipoenea Uganda, watafsiri wa sauti walianza kueleza filamu za kigeni papo hapo, na majina kama VJ Jingo yakawa maarufu kuliko ya waigizaji. Mtafsiri huyu hatafsiri tu: hutania, huonya, humpa jasusi wa Marekani au wa Hong Kong jina la mtaani na kumfanya aongee kama kijana wa hapa. Tanzania ilikuwa na Lufufu aliyefanya kazi hiyo kwa Kiswahili, na Kenya ina DJ Afro. Uganda ilichagua Kiganda, nacho kikasafiri na kanda hadi vibanda vya Busoga na Bugisu.

Somo la kihistoria hapa ni la moja kwa moja. Jasusi na mpenzi wake walikubalika mashariki mwa Uganda pale walipopewa lugha isiyo na kumbukumbu ya amri, na mtu wa karibu wa kuwaeleza. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa hadhira haukupenda utanzu huu. Iliupenda sana, ila kwa lugha nyingine, na kwa masikio badala ya macho.

7.0 Siri katika sarufi

Je, riwaya-taswira inaweza kufanya kile ambacho Gamba na Kiango hawakukifanya Jinja? Tunaona sababu moja ya kiisimu ya kuamini hivyo. Vijana husoma hadithi hizi kwa tafsiri za Kiingereza, lugha inayomlazimisha mfasiri kutaja jinsia ya kila nafsi ya tatu. Kijapani huacha kiima pale kinapoeleweka, hivyo mwandishi anaweza kuficha kama wakala asiyejulikana ni mwanamume au mwanamke hadi sura ya mwisho. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuvunja siri hiyo au kukwepa kwa sentensi zilizopinda. Kiswahili hakina tatizo hilo. Katika sentensi kama "Aliingia, akaacha barua, akatoweka", kiambishi a- kinalinda kinyago kwa ukamilifu. Katika hadithi ya majasusi, hiyo ni mali.

Upande mwingine kuna hasara inayohitaji ubunifu. Kijapani kina viwakilishi vingi vya nafsi ya kwanza, na mhusika akibadilisha kimoja kwa kingine msomaji huhisi kuwa kinyago kimeteleza. Kiswahili kina "mimi" tu. Lakini kina hazina nyingine: shikamoo na marahaba, dada na kaka, mama na jina la mtoto wake wa kwanza, bwana, mwenzangu. Wakala anayejifanya mgeni akaacha kusema shikamoo kwa mtu ambaye angepaswa kumwamkia hivyo amejifichua kwa neno moja. Msomaji wa Mbale, aliyezoea kubadili lugha na heshima kati ya sokoni, msikitini na nyumbani, ameandaliwa vizuri kuona kosa la namna hiyo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia tuliyoipitia inaonyesha kuwa Kiswahili mashariki mwa Uganda kiliwekwa mikononi mwa askari, msimamizi na mtahini kwa zamu. Kila mmoja alikitumia kuamrisha. Uamuzi wa mwaka 2022 unaweza kumwongeza mtahini mwenye nguvu zaidi na kuishia hapo. Ili usiishie hapo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, sehemu ya fedha za utekelezaji itengwe kwa ajili ya maandishi ya burudani, yakiwemo ya kidijitali, na isihesabiwe kuwa anasa. Shule isiyo na kitabu cha Kiswahili kinachosomwa nje ya kipindi haijapewa lugha, imepewa somo.

Pili, vilabu vya Kiswahili katika sekondari na vyuo vya mashariki, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilichopo Mbale, vihimizwe kutunga riwaya-taswira fupi. Programu huria ya Ren'Py, iliyopo tangu mwaka 2004, haitozwi ada, na kazi zake husomeka kwenye simu. Mafaili yake ni maandishi ya kawaida yanayoweza kusahihishwa na mwalimu wa lugha.

Tatu, tafsiri zifanywe moja kwa moja kutoka Kijapani inapowezekana, kwa idhini ya wenye haki. Chuo Kikuu cha Osaka kimefundisha Kiswahili kwa miongo kadhaa, na ushirikiano na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ungewezesha kazi ambayo njia ya Kiingereza huiharibu.

Nne, waandishi wa Uganda wasikwepe miaka ya 1970. Hadithi ya wakala wa siri iliyowekwa Jinja haiwezi kuiga Spear kana kwamba Nakasero haikuwepo. Umbo la uchaguzi lina nguvu hapa: linaweza kumweka msomaji katika nafasi ya mtu anayegongewa mlango, anayeombwa kumtaja jirani, anayempenda mtu asiyemjua jina lake la kweli. Msomaji atakayepita katika uchaguzi huo kwa Kiswahili atakuwa amekitumia kukataa amri, na hilo ni tendo ambalo historia ya lugha hii katika miji yetu miwili halijaliandika vya kutosha.